Chaki Juu ya Chuma Kibichi

Daktari wa maiti alikuwa na tabia moja iliyomkera Inspekta: hakutoa habari mbaya kabla ya kunawa mikono. Alinawa, akajifuta kidole kimoja kimoja, akatundika taulo, ndipo akageuka.

"Tumbo safi," alisema. "Kuna maziwa, kuna asali, kuna chakula cha jioni. Sumu hakuna."

"Angalia tena."

"Nimeshaangalia tena, kwa sababu nilijua utasema hivyo. Huyu mtu hakunyweshwa kitu, Inspekta. Alivuta kitu. Mapafu yamejaa maji kama ya mtu aliyezama, na amekufa kitandani kwake."

Kikosi kizima kilimwita Inspekta huyu Taratibu, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa mtu wa kuuliza swali moja mpaka aliyeulizwa amchoke, mtu wa kukagua kitasa kabla ya kuuliza nani alipita mlangoni. Lakini katika kesi hii ya fundi wa kuchomelea vyuma aliyekata roho alfajiri mikononi mwa mkewe, Taratibu aliharakisha. Mama wa marehemu, aliyeishi nao nyumba moja, alilia, akamnyooshea mkwewe kidole, akasema, "Muulizeni kilichomo jikoni kwake." Wakaenda jikoni. Nyuma ya debe la unga wakakuta chupa isiyo na maandishi, ndani yake majimaji yasiyo na rangi, yenye harufu tamutamu. Maabara ikasema ni trikloroethilini, kiyeyushi chenye klorini kinachotumika viwandani kuondoa grisi kwenye vyuma, hatari kwa ini, kwa figo na kwa ubongo.

Mke alisema ni dawa ya madoa. Yeye alikuwa fundi cherehani, na mumewe alimletea kidogo kidogo kutoka karakanani ili afutie madoa ya mafuta kwenye nguo za wateja. Taratibu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamfungia. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua.

"Na ile chupa?" aliuliza sasa, na sauti yake mwenyewe ikamsaliti.

"Ile chupa ni ya madoa, kama alivyokwambia." Daktari alivuta kiti. "Sasa sikiliza. Kiyeyushi kile kikikutana na moto wa kuchomelea kinageuka gesi nyingine kabisa, mbaya kuliko chenyewe. Fosjini, inanuka kama majani yaliyokatwa. Ukiivuta unakohoa kidogo, macho yanawasha, halafu unapata nafuu. Unarudi nyumbani, unakula, unataniana na watu. Mapafu yanaanza kujaa maji baadaye, wakati umeshasahau. Mke alisema nini kuhusu kikohozi?"

Taratibu hakuhitaji kufungua jalada. Mke alisema mumewe alirudi akikohoa, naye akamchemshia maziwa ya asali; mume akalalamika kwamba kazini kulinuka majani yaliyokatwa sasa hivi, na karakana ile haina hata jani moja. Taratibu aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake mwenyewe na kuyaona porojo za mtu anayetafuta pa kutokea.

"Alisema," alijibu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Karakana ilikuwa banda refu la mabati. Upande mmoja lilikaa beseni kubwa la kuoshea, lenye kifuniko; upande wa pili vilipangwa vibanda vya kuchomelea; katikati ulipita waya mnene, na juu yake vyuma vilivyooshwa vilining'inia kama nguo za familia kubwa. Msimamizi, mtu wa tumbo la heshima na maneno mengi, aliwapokea Taratibu na Koplo wake kwa tabasamu la mwenyeji anayeomba wageni waondoke kabla hawajakaa.

"Pole kwa msiba," Taratibu alimwambia.

"Tumeshapoa, afande. Yule mkewe bwana! Mtu unalala naye kitanda kimoja, kumbe!"

Koplo, binti mmoja mwenye jicho lisilopitwa na kitu, hakungoja adabu ziishe. Alikuwa ameshafika chini ya feni ya kuvuta moshi, ameinua shingo.

"Feni nzuri hii," alisema. "Mmeifunga lini?"

"Ipo siku zote."

Koplo alipanda juu ya kreti, akagusa fremu, akashuka akionyesha kidole chenye rangi ya kijivu. "Ipo siku zote, na rangi bado mbichi?"

Tabasamu la msimamizi lilikauka. Alimtazama Koplo, akamtazama Taratibu, akaona hakuna wa kumwonea huruma.

"Ile ya zamani ilikufa," alisema kwa sauti ndogo. "Niliambiwa muda mrefu, nikawa nasema kesho, kesho. Baada ya msiba sikulala, nikaleta hii. Nina watoto, afande."

"Kila mtu ana watoto," Koplo alisema, akatoa pingu kiunoni.

Taratibu alimzuia kwa ishara. Safari hii alitaka kustahili jina lake. Aliingia kwenye kibanda cha marehemu, akasimama pale ambapo marehemu alisimama, kisha akachungulia kibanda cha jirani. Fundi wa pili, mtu mkavu mwenye makovu ya cheche mikononi, alizima mashine na kuinua kinyago.

"Siku ile ulikuwa hapo hapo?"

"Hapa hapa, afande. Mimi na yeye tulikuwa tunapeana nyundo bila kunyoosha mkono."

"Ulikohoa?"

"Hata chafya sikupiga."

"Macho?"

"Mazima. Jioni nilicheza karata mpaka mke akanifuata."

Taratibu alimgeukia Koplo. "Feni mbovu ni kosa, na tutalirudia. Lakini hewa ya banda hili walivuta wote. Kilichomuua kilitoka karibu na pua yake peke yake." Akamrudia fundi. "Alikuwa anachomelea nini?"

Fundi alielekeza kidevu kwenye kona. Chini ya gunia lilikaa ganda la giaboksi ya trekta, zito, lenye ufa ubavuni. Nusu ya ufa ilikuwa imezibwa kwa mshono safi wa moto. Nusu nyingine ilibaki wazi.

"Hakuna aliyetaka kumalizia kazi ya marehemu," fundi alisema.

Taratibu alipiga magoti. Ndani ya ganda mlikuwa na kuta na vishimo, mifuko mifuko ambamo majimaji yangeweza kutuama bila mtu kuyaona. Akainuka, akafuta magoti, akamwomba msimamizi amweleze kazi inavyokwenda, tangu chuma kinapoingia mlangoni. Msimamizi, ambaye sasa alikuwa tayari kueleza hata ndoto zake, alieleza.

Kile kiyeyushi karakana nzima ilikiita baridi, kwa sababu kikikugusa kinakupoza ngozi kama barafu. Chuma kinazamishwa kwenye baridi, kinatoka hakina grisi, kinatundikwa kwenye waya. Hapo kinaitwa kibichi. Kikikauka kabisa, nje na ndani, kimeiva, na mwosha vyuma anakipiga mstari wa chaki. Ukutani paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba chuma kibichi hakichomelewi, na chini yake palichorwa fuvu la kichwa ili hata asiyesoma aelewe.

"Fundi hagusi kitu kisicho na chaki," msimamizi alisema. "Na marehemu ndiye alikuwa mkali wa sheria hiyo kuliko wote. Aliwahi kumtimua mtu kibandani kwa sababu ya chaki."

"Chaki anashika nani?"

"Mwosha vyuma peke yake. Inakaa mfukoni mwake." Msimamizi alisita. "Lakini huko msiende, afande. Mwosha vyuma ni mdogo wake marehemu. Tumbo moja, ziwa moja, nyumba moja."

Taratibu aliligeuza ganda la giaboksi. Mstari wa chaki ulikuwepo, mweupe, ulionyooka. Akaenda kwenye waya, akasugua kwa kidole mstari wa kipande kimoja: kidole kikatoka cheupe. Akasugua cha pili, na cha tatu: unga mtupu, ule unaoachwa na chaki kwenye ubao wa shule. Akarudi kwenye ganda, akasugua. Kidole kilitoka kisafi. Mstari haukufutika, ulikuwa umegandamana na chuma, na pembeni umepasuka vipande, kama uji uliokaukia kwenye mwiko.

Koplo alimwangalia bosi wake, akayaona mashavu yake yalivyolegea. "Unajua ni nini hiyo," alisema.

"Nadhani. Na sitaki kudhani tena katika kesi hii. Mwite."

Mdogo mtu alikuwa kwenye beseni, glavu mpaka viwikoni, kazini ingawa kaka yake hajazikwa. Nyumbani hakukaliki, aliwaambia wenzake. Kituoni pale askari wote walimsifu: tangu shemeji yake awekwe ndani alimletea chakula, akakaa nje ya nondo mpaka amalize, akaondoka na bakuli. Taratibu mwenyewe alikuwa amemsifu.

"Kuna kitu kinachotoka kwenye baridi sasa hivi?" alimuuliza.

Mdogo mtu alitumbukiza koleo, akatoa bapa dogo la chuma linalochuruzika.

"Lipige chaki."

"Bado bichi, afande."

"Najua. Lipige."

Alivua glavu moja, akatoa chaki mfukoni, akainyoosha. Mkono ukaishia hewani.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Hairuhusiwi."

"Na siku ile nani alikuruhusu?"

Koplo aliichukua ile chaki polepole kutoka vidoleni mwake, akachora mstari juu ya bapa, na wote wakasubiri majimaji yakauke. Yalipokauka, mstari uligandamana, ukapasuka pembeni. Taratibu aliusugua. Kidole kisafi.

Mdogo mtu alikaa sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

"Kaka alinijia mara ya kwanza nikamfukuza," alisema. "Akaja tena. Akasema, 'Bado tu? Wewe una aibu za bibi harusi, nipe chuma hicho.' Nikamwambia kina mifuko ndani, kinataka kutundikwa mpaka kesho. Akasema mama amempigia simu, bomba la jikoni linavuja, na akichelewa atasimangwa wiki nzima. Akaniigizia sauti ya mama. Tukacheka sana. Nikapiga chaki kikiwa kinachuruzika."

"Angeweza kukichukua bila chaki."

"Asingechukua, afande. Hamkumjua. Asingekigusa." Alijifuta pua kwa mkono. "Ndiyo maana aliniomba. Alitaka mstari. Alipouona, aliamini."

Msimamizi aligeuka akatazama ukuta. Fundi wa pili alikuwa amevaa tena kinyago chake, na mashine ilikuwa imezimwa.

"Ulijua lini?" Taratibu aliuliza.

"Alipoanza kutoa povu. Nilijua pale pale."

"Ukanyamaza, shemeji yako akafungwa."

"Sikunyamaza. Nilisema asubuhi ile ile, kabla ninyi hamjaja."

"Ulimwambia nani?"

Mdogo mtu hakuinua uso. "Mama."

Kituoni, mama wa marehemu alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, amekuja kutia sahihi maelezo yake dhidi ya mkwewe. Alipowaona wakiingia alitazama kwanza mikono ya mwanawe kama ina pingu. Haikuwa na pingu. Akatazama uso wake, na hapo akaelewa.

"Umesema," alisema.

"Nimesema, mama."

"Si nilikukataza?"

Taratibu aliketi kwenye benchi hilo hilo, mbali naye kidogo. Alikuwa amezoea kuhoji watu akiwa amesimama.

"Mama, ile chupa ya jikoni. Ulijua ni ya nini?"

Mama alishika upindo wa gauni lake, akaunyoosha juu ya goti. "Hapa pana doa la mafuta ya taa. Palikuwa na doa. Alilitoa yeye kwa chupa hiyo hiyo, na mimi nimekaa namwangalia."

"Kisha ukatuelekeza jikoni."

"Niliwaelekeza."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini, baba?" Hakulia. Ilionekana amelia mpaka machozi yamekauka. "Mmoja nilikuwa nimemlaza, baridi, hajafunikwa hata shuka. Wa pili amepiga magoti ananiambia, mama, nimemuua kaka. Nimebakiwa na huyu tu. Yule ni mtoto wa watu."

Mwanawe aliziba masikio, mtu mzima, kama mtoto anayeogopa radi.

"Na simu nilipiga mimi," mama aliendelea. "Mara mbili nilimpigia. Bomba lenyewe lilikuwa linadondosha tone, linapumzika, linadondosha tone. Ndoo ingetosha."

Koplo, ambaye karakanani alikuwa na neno kwa kila mtu, alimshika mdogo mtu kiwiko, akamwongoza kaunta kuandikisha maelezo. Taratibu alichukua ufunguo wa mahabusu ukutani. Angeweza kumtuma askari. Alikwenda mwenyewe.

Mke wa marehemu alikuwa ameketi ukutani, magoti yamekunjwa, vidole vyake vikifumua na kufuma tena uzi mmoja wa ukosi. Aliposikia nondo zinafunguka hakuinuka.

"Mahakamani si kesho?" aliuliza.

"Huendi mahakamani. Uko huru." Taratibu alikuwa ameyapanga maneno njiani, na sasa yote yamemtoroka. "Mumeo hakunywa sumu. Alivuta gesi kazini. Maziwa yako hayakuwa na kitu."

Mke aliuachia ule uzi.

"Hayakuwa na kitu?"

"Hayakuwa na kitu."

"Una hakika, afande? Maana kile kikombe nilikiosha kwenye beseni ninalofutia madoa." Sauti ilianza kumvunjika. "Siku ya kwanza nilijua sijafanya. Nilikuwa najua kama ninavyojua jina langu. Lakini ulirudia kuniuliza. Kikombe kilikuwa wapi, chupa ilikuwa wapi, mkono ulishika nini kwanza. Nikaanza kufikiri, huenda tone liliingia. Nimekaa humu ndani, nimejihukumu mimi. Jana usiku nilimwomba mume wangu msamaha."

Taratibu aliwahi kutukanwa na wahalifu kila tusi lililopo, na hakuna lililowahi kumwingia namna hii.

"Nisamehe," alisema. "Uliniambia kila kitu. Uliniambia mpaka ile harufu ya majani. Sikukusikiliza."

"Ulinisikiliza vizuri sana. Uliandika yote." Aliinuka akishikilia ukuta. "Ile chupa ilikuwa jikoni kwa mwanamke, afande. Ingekuwa kwenye sanduku la vifaa la mwanamume, ungeuliza kwanza inafanya kazi gani."

Taratibu alimweleza yaliyobaki, bila kupunguza na bila kuremba: chaki, giaboksi, shemeji yake, mama mkwe. Alipofika kwa mama mkwe, mke aliinua mkono kumnyamazisha, akapumua, akaushusha mkono. "Malizia," alisema. Akamalizia.

Walitokea ukumbini. Kaunta, mdogo mtu alimwona, akataka kuinuka.

"Shemeji..."

"Leo usiniite hivyo."

Akakaa. Mke alimpita, akasimama mbele ya benchi. Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani, kama abiria ambaye gari limemwacha. Mwanawe mmoja alikuwa kwenye friji ya hospitali, wa pili anaandikwa maelezo hatua chache kutoka alipo, na nyumbani wangerudi watu wawili tu.

"Ufunguo wa nyumba uko wapi?" mke aliuliza.

Mama mkwe alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake. Lilimsumbua, vidole havikumtii. Alipolifungua alitoa ufunguo, akaunyoosha bila kuinua uso. Mke aliuchukua, akaufumbata, akatoka nje juani.

Mama mkwe alibaki kwenye benchi kidogo. Kisha naye aliinuka, akajifuta uso, akafuata.

Taratibu alisimama mlangoni. Koplo alikuja akasimama kando yake. Mbele, barabarani, mke alitembea haraka kandokando ya ukuta wa kituo; mama mkwe alimfuata kwa mbali, akiacha kati yao nafasi ya kupita gari zima.

"Unadhani atamfungulia?" Koplo aliuliza.

"Sijui."

"Tuwaite? Tuwape gari?"

Taratibu alitamani kusema ndiyo. Alitamani kuwe na kitu, gari, chai, barua ya kuomba radhi, kitu chochote ambacho kikosi kinaweza kutoa. Kwenye kona ya ukuta mke alisimama ghafla, mgongo ukiwaelekea, ufunguo mkononi. Hakugeuka, wala hakuendelea. Mama mkwe naye akasimama pale pale alipokuwa, akaogopa kupiga hatua nyingine.